Kigoda cha Babu Yako Hakina Ngozi ya Chui

Mwanangu Lugano,

Habari za blanketi, za maji ya kunywa, za funza wa vidoleni na za kusali kabla ya kulala, mama yako amekwisha kukuambia zaidi ya mara moja, na wewe umekwisha kuitikia kwa kichwa kama ndama anayefukuza nzi. Sitazirudia. Nimekaa ofisini peke yangu. Jua bado lipo juu ya ziwa, na bwana mpima nchi amekwenda mtoni na bunduki yake kupiga mamba. Nasikia mlio, kisha kimya kirefu, kisha mlio mwingine. Mbele yangu ipo picha yako. Kando yake upo wino mweusi na kalamu, na ipo amri aliyoniachia: atakaporudi akute nimeandika chini ya picha, kwa mwandiko wangu mzuri anaousifu mbele ya wageni, maneno haya: Kiti cha enzi cha sultani wa Wakonde. Wakonde ndio sisi, kwa jina wanalotuita wao.

Nina hasira, Lugano. Nakuambia mapema ili usidhani kwamba ni huzuni ya kuagana nawe kesho uendapo pwani. Huzuni ipo, lakini imekaa nyuma na inangoja zamu yake.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia barua, na kwa sababu Kinyakyusa changu nikikasirika hutoka na maneno ya zizini, ambayo baba hamwandikii mwanawe.

Tangu watu wa ofisi walipokwenda kula nimekuwa nikiitazama picha hii badala ya kuandika. Karatasi ni ile nene ya bwana, nusu tu, ile aliyoitupa kwa sababu iliingia tone la mafuta ya taa. Juu yake umechora kigoda kimoja, basi. Hakuna mtu. Hakuna hata ukuta, ila wekundu wa kahawia unaofifia kuelekea juu, ambao mtu wa kwetu ataujua mara moja kuwa ni mianzi iliyokula moshi miaka mingi. Kigoda kimekaa upande kidogo. Ndivyo babu yako anavyokiacha akiinuka: hukisukuma kwa kisigino, kinageuka, kinabaki kimeelekea mahali wanapolala ng'ombe. Mguu mmoja wa nyuma ni mweusi na mfupi kuliko wenzake, kwa sababu uliwahi kuingia motoni, na wewe hukuurefusha kwa heshima. Umeuacha mfupi, ukaweka chini yake kile kijiwe bapa ambacho babu hukiegemezea.

Mahali pa kukalia pana bonde, na ndani ya bonde hukupaka kitu. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani umesahau. Nikakuita nikakuambia, "Hapa umeruka."

Ukasema, "Sikuruka, baba. Hapo mwanga wa mlangoni umeingia."

Nikatazama tena. Ilikuwa karatasi tupu, na ilikuwa mwanga. Mzee ameinuka, na asubuhi imekaa mahali pake.

Halafu kivuli. Umekipaka buluu, ile ile anayopakia bwana ziwa letu kwenye ramani, ukaizimua kwa maji hata ikabaki kidogo sana, kama moshi wa mbali. Nikakuuliza kwa ukali tangu lini kivuli kikawa buluu. Ukaniambia nikakitazame. Nilikwenda Makwale Jumapili, nikaingia kwa baba yangu, nikamwamkia, nikajifanya nimeangusha kitu, nikainama chini ya kigoda chake kama mwizi wa kuku. Ni buluu, mwanangu. Nimekulia mbele ya kigoda hicho. Nimejifunza kusimama kwa kukishika. Nimekaa sakafuni karibu nacho nikisikiliza kesi za mipaka ya migomba mpaka usingizi ukanichukua. Na sikupata kujua kwamba kivuli chake kina rangi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na wa kwanza kukasirikiwa nilikuwa mimi. Lakini haikukaa kwangu. Imetembea.

Ilimfikia mama yako, hata yeye. Unakumbuka siku ulipoileta picha nyumbani, ukaisimamisha juu ya sanduku langu ili ikauke. Mama yako aliingia na kikapu cha mchele kichwani. Aliiona, akashusha kikapu, mchele ukamwagika, akavuta kitambaa akajifunika uso na kutoka mbio kuelekea migombani. Nikamfuata.

"Umemleta ndani ya nyumba," aliniambia akiwa amenipa mgongo. "Ungenionya."

"Nimemleta nani?"

"Unajua ni nani. Usinitajishe jina."

Wewe ulisimama mlangoni na brashi mkononi, hujui ucheke au ulie. Mimi nilikasirika. Nikamwambia sisi tumebatizwa, na hiyo ni karatasi na maji ya rangi. Akanijibu kwamba ubatizo wake hauna shida yoyote, na kwamba mimi sijawahi kuwa mke wa mtu.

Sasa nataka uelewe jambo ambalo huko pwani hakuna atakayekueleza, nawe utaanza kuliona kuwa ni ujinga kwa sababu wenzako watalicheka. Tangu alipoolewa, mama yako hajamtazama baba yangu usoni. Hajaingia nyumbani kwake. Hatamki jina lake, wala neno linalofanana na jina lake. Anamlimia, anampikia, anampelekea ndizi kwa mkono wa mwingine, na akisikia anapita hujificha. Hiyo ndiyo heshima ya mke wa mtoto kwa baba mkwe, na kwetu haina mchezo. Basi kwa miaka yote hiyo kigoda ndicho kilichomwokoa. Wewe ndiwe uliyekuwa unakibeba, babu akienda kwenye mashauri. Ulitangulia nacho kichwani, naye akafuata nyuma na fimbo. Mama yako akikiona kigoda kinatokea kwenye kona ya njia, alijua ana muda wa kuingia migombani. Kwake yeye kile si kiti. Ni habari kwamba mzee anakuja.

Ndiyo maana alikimbia. Nililala na hasira, nikaamka nimefikiri upya. Mabwana wana picha kubwa ofisini, za wafalme wao wenye masharubu na za meli katika dhoruba, na wageni wanazipita wakiulizana habari za chakula. Sijaona mtu aliyeikimbia hata moja. Ya kwako ilimfanya mwanamke mwenye akili timamu amwage mchele. Sijui kama huko unakokwenda kuna mwalimu atakayekupa sifa iliyo kubwa kuliko hiyo. Akiwepo, mheshimu. Lakini ya kwanza umekwisha kuipata nyumbani.

Babu yako naye uliona mwenyewe. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akairudisha karibu, akainusa.

"Mguu huu umeungua," alisema.

"Ndiyo, babu. Uliungua."

"Najua uliungua, niliuunguza mimi. Nasema, kumbe uliuona." Kisha akatafuta kwa macho. "Na mimi niko wapi?"

"Umetoka kidogo, babu."

"Nimekwenda wapi?"

Ulifikiri kabla ya kujibu, na nilipenda ulivyofikiri. "Umekwenda kumtazama yule ndama."

"Vema. Maana kama nimekufa ningetaka kuambiwa." Akakurudishia picha. "Ndaga, nashukuru, mjukuu wangu. Sasa mpe baba yako asome, yeye hujua kusoma kila kitu."

Nilicheka pamoja nanyi, lakini maneno yale yalinichoma, kwa sababu sikuweza kusoma hata kivuli.

Rangi ulizipata kwa bwana mpima, sikatai. Alikuchukua umuoshee brashi na kumshikia kikombe cha maji anapopaka ramani: buluu ziwani, kijani kwenye msitu, kahawia milimani. Vipande vilivyokwisha hata visishikike alikuruhusu uondoke navyo. Mlima wa kahawia ukawa mti wa kigoda, ziwa likawa kivuli. Alipoiona picha kwa bahati, kwa sababu wewe uliisahau kati ya karatasi zake, alisimama. Nilikuwepo. Alisimama muda mrefu, akavua kofia. Naomba nisimsingizie: mtu yule aliiona. Uso wake ulilegea, akawa kama mtu aliyeketi kwao. Kwa dakika ile nilimpenda. Kama angekuwa mjinga asiyeona ningemsamehe. Hasira yangu kubwa ni kwamba aliona, kisha akavaa kofia.

"Nani amechora?"

"Mwanangu, bwana."

"Yule mwosha brashi?"

"Ndiyo, bwana."

Akaagiza uletwe mbele yake. Akakuuliza una umri gani, nani amekufundisha. Ukasema hakuna. Akasema utakwenda naye pwani, utafundishwa kuchora ramani, utakaa kwenye meza yenye dirisha. Kisha akaigonga picha kwa kidole.

"Hapa nyuma utaongeza ngozi ya chui. Na hapa mikuki miwili, imesimama hivi. Halafu itakuwa tayari."

Wewe ulitazama kidole chake, si uso wake. "Bwana, hatuna ngozi ya chui."

Alicheka. "Si lazima muwe nayo. Chora tu."

"Haikuwepo pale, bwana."

Nilitaka kukuziba mdomo kwa mkono wangu. Nilikukasirikia wewe kuliko nilivyowahi kukukasirikia, kwa sababu ulisimama wima mahali ambapo mimi husimama nimeinamisha kichwa, tena kile kiboko kilikuwa kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango, nawe ulikuwa umekipa mgongo. Nilikimbilia kusema, "Mtoto hajaelewa, bwana." Ulinigeukia. Sitausahau uso ule. Ulikuwa umeelewa vizuri sana.

Bwana hakukasirika. Alisema ngozi itaongezwa safarini, utakapokuwa umezoea, na kama hutaki kuna mchoraji pwani atakayeiongeza. Kisha akaniambia mimi niandike chini jina la kitu chenyewe. Akanitamkia lile neno la kiti cha enzi. Na hapo, Lugano, kwa woga wangu wote, nilisema, "Bwana, hiki ni kigoda cha baba yangu."

"Baba yako ni sultani?"

"La, bwana."

"Ana watu wangapi chini yake?"

"Ana ng'ombe, bwana."

Akanipiga bega kwa upole. Upole ule ndio ninaoukasirikia mpaka leo. "Karani, fikiri. Picha hii itatundikwa kwetu, watu wengi watapita mbele yake. Nani atasimama kutazama kigoda cha baba yako?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana." Hata halikuwa jibu la swali lake. Ndilo neno linalotoka peke yake.

Nilijifunza wapi kutoa neno hilo? Si kwa kiboko. Nilijifunza kwa kusifiwa. Nilipokuwa shuleni, mdogo kuliko wewe, mwalimu alituambia tuandike habari za nyumba zetu. Nyumba yetu ilikuwa ya mianzi iliyosukwa vizuri hata wageni hushuka milimani kuitazama, sakafu imefagiliwa, ng'ombe upande mmoja nasi upande wa pili. Mimi niliandika nyumba ya mawe yenye bomba la moshi juu ya paa, kama ile iliyokuwa katika kitabu cha kusomea. Mwalimu aliniambia niisome mbele ya wote. Alisema, huyu atafika mbali. Nami nimefika mbali: nimefika kwenye meza hii, hatua chache kutoka ziwani, ninanakili maneno ya watu wengine kwa mwandiko mzuri. Baba yangu aliposikia habari ya ile nyumba aliuliza jambo moja tu. "Katika nyumba hiyo, mimi nalala wapi?" Sikuwa nimempa mahali.

Sikuelezi haya ili unihurumie. Nakueleza ili ujue jinsi wanavyofanya. Mtu akikupiga ili useme uongo, unajua kwamba umepigwa, na uongo unabaki mgeni kinywani mwako. Akikusifu, unautafuta uongo mwenyewe, unaamka asubuhi na kumpelekea mwingine kabla hajaomba. Huko uendako watakusifu, maana una mkono. Watasema rangi hii ni nzuri, lakini weka ngoma. Watasema mti huu ni mzuri, lakini mtundike nyoka. Nawe utataka kuwafurahisha, kwa sababu utakuwa mbali na utakuwa mdogo, na kumfurahisha mkubwa kuna joto kama moto wa jioni. Sijui nikuambie ufanye nini. Mimi sijashinda. Najua tu kwamba siku ile ulisema haikuwepo pale, na dunia haikuanguka, nikabaki najiuliza ni mara ngapi isingalianguka.

Wenzako wa rika wameanza kujijengea vibanda kwenye kijiji cha vijana. Ndiyo njia ya kuondoka nyumbani tunayoijua sisi. Mvulana anaondoka, lakini anaondoka karibu, harufu ya chungu cha mama bado inamfikia, na jioni anakuja kula na wenzake, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Mimi nilikosa hayo kwa ajili ya bweni la misheni, na sasa wewe unayakosa kwa ajili ya meza yenye dirisha. Hilo pia linanikasirisha, na sina wa kumlaumu, kwa maana nilitaka uende. Bado nataka. Ulipolala nimeona vidole vyako vikitembea juu ya mkeka. Hapa hakuna karatasi, hakuna rangi ila vipande vya kutupwa, na siku bwana akiondoka vitakwisha. Ukibaki, utalima mpunga na mkono ule utasahau. Ukienda, watakufundisha kuchora milima ambayo watu wao watakuja kuichukua. Haya ndiyo machaguo mawili waliyotuachia, na wanataka tushukuru.

Jana nilimweleza babu yako habari ya kiti cha enzi. Alikuwa ameinama anazoa mavi ya ng'ombe kwa jani la mgomba.

"Sultani," alisema. "Mwambie bwana wako sultani anasalimu, ila hawezi kutoa mkono."

"Si mzaha, tata. Wataandika hivyo."

"Wataandika, au utaandika?"

Akanawa mikono, akakaa juu ya kigoda, akanitazama kama alivyonitazama siku ya bomba la moshi. Nilirudi kutoka Makwale njia nzima nikibishana naye kwa sauti. Watu wa Ipinda waliokuwa wakitoka sokoni walinipisha njia.

Lakini si baba yangu aliyenikatia shauri. Ni mama yako. Asubuhi ya leo, wewe ulipokwenda kumuaga babu, nilimweleza nilichoamriwa. Alikuwa anachambua mchele. Tangu siku ile hajapata kuitazama picha. Nikiitoa kwenye sanduku yeye hutoka nje, na ameniuliza mara nyingi, akiwa amegeuka, nimwambie imekaaje. Nimemweleza mguu, kijiwe, mwanga. Ameijua kwa masikio. Nilimwambia juu ya ngozi ya chui na mikuki, na maneno ya chini. Nilitegemea atasema, andika, baba Lugano, mtoto asije akaachwa. Nilitaka aseme hivyo.

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Wakiiweka hiyo ngozi, nitaweza kuitazama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haitakuwa yake tena. Itakuwa kiti cha mtu yeyote."

Akainuka akaenda kuweka maji motoni.

Nimekuja ofisini na maneno hayo. Hakuyasema kwa hasira, ila kwangu yamekuwa hasira, tena hasira iliyo safi, ya kwanza maishani mwangu ambayo haijachanganyika na aibu. Yule bwana anauliza nani atasimama kutazama kigoda cha baba yangu. Mwanamke mmoja, kwa heshima, hathubutu kukitazama. Mzee mmoja alijitafuta ndani yake akaambiwa amekwenda kumtazama ndama, akaridhika. Mimi niliinama sakafuni kutafuta kivuli chake. Hao si watu? Wale watakaopita huko kwao na makoti yao, wakisema lo, kiti cha sultani, wakaenda kunywa kahawa, hao ndio wanaohesabiwa kuwa wametazama?

Basi nimeandika. Nilisimama kidogo hapo juu kabla ya sehemu hii ya barua, kama utaona wino umebadilika. Nimeandika hivi:

Kigoda cha Mwaisaka wa Makwale. Hukikalia jioni karibu na ng'ombe wake. Kimechorwa na mjukuu wake Lugano, kama kilivyo.

Na chini nimetia jina langu. Kwa kawaida karani hatii jina. Hutia neno moja, "kwa amri", na jina la bwana hufuata. Leo hakuna amri, kwa hiyo nimeandika: Maneno ya Ambakisye Mwaisaka, karani.

Nimeandika kwa herufi ndogo na nimeyaweka juu, yakigusa karibu kabisa miguu ya kigoda. Nisamehe kwa kuukaribia mkono wako kiasi hicho. Kama ningeyaacha pembezoni angeyakata kwa makasi na kubaki na picha. Sasa atakayetaka kuyakata itambidi akate na miguu, pamoja na ule ulioungua.

Pale kwenye picha K yangu ya kwanza ina mkunjo. Mengine yamekaa sawa.

Sasa nikuambie lililo baya. Wazo langu la kwanza, nikiwa mimi huyu unayemjua, lilikuwa kuiviringisha picha, kuitia ndani ya lile bomba la bati la ramani, kulifunga vizuri kwa nta, na kumkabidhi bwana kesho alfajiri wapagazi wakipiga kelele na meli ikipuliza. Angeifungua ng'ambo ya ziwa. Mimi ningekuwa hapa, mbali. Nililipenda wazo hilo, nikaitafuta nta. Ndipo nikaona ni nani atakayekuwa amesimama karibu naye wakati anafungua.

Kwa hiyo nitampa leo, mkononi, ikiwa wazi, nami nitasimama mpaka amalize kusoma. Huenda akacheka, kama alivyocheka kwako. Huenda akafungua mlango na kutazama nyuma yake, msumarini. Huenda akaniondoa kwenye meza hii. Na huenda, Lugano, akasema wewe pia usiende, meli ikaondoka kesho bila wewe, na barua hii ikawa ya safari isiyokuwepo. Ikiwa hivyo utasimama ufukweni na kifurushi chako na utajua ni nani aliyekukosesha. Nikasirikie. Usimkasirikie mama yako wala babu yako, wala usijikasirikie mwenyewe kwa kujua kuchora. Nikasirikie mimi, kwa sauti, usimeze. Nitaipokea. Nimekasirikiwa maisha yangu yote na watu nisiowapenda, naweza kukasirikiwa na mtu ninayempenda.

Na ukienda, akakuuliza njiani kama ulijua nilichoandika, mwambie hukujua. Ulikuwa Makwale ukimuaga babu yako. Ni kweli, huna haja ya kutunga. Akikupa brashi na kukuambia chora ngozi ya chui, sitakuambia umjibu nini. Utakuwa peke yako, naye atakuwa mkubwa, na mimi nitakuwa huku. Ukichora, utakuwa umechora ukiwa mtoto, sitakulaani. Lakini itabidi uipitishe ile ngozi juu ya maneno ya baba yako na juu ya mwanga wa mlangoni.

Milio imekoma. Nasikia wapagazi wanaimba wakipanda kutoka mtoni, na mbwa wa bwana ametangulia mpaka barazani. Nimeupuliza wino, umekauka. Nakunja barua hii na kuiweka ndani ya shati langu, nitakupa usiku tukila, ukisafiri au usiposafiri.

Naichukua picha ikiwa wazi, Lugano. Nasimama.

Baba yako